Tukijua Chanzo cha Mapenzi ya Jinsia Moja, Watu Watabadili Mtazamo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi karibu kwa maneno yale yale, yawe yameulizwa na wazazi, wanafunzi, viongozi wa dini au watu ambao wenyewe wanavutiwa na jinsia yao. Nimeanza na ya msingi, yale yanayobana nikayaweka mwishoni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema "mapenzi ya jinsia moja" tunazungumzia nini hasa?

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna mvuto, yaani moyo na mwili unaelekea kwa nani. Kuna tendo, yaani mtu anafanya nini. Na kuna jina, yaani mtu anajiita nani mbele ya wenzake. Mtu anaweza kuwa na mvuto maisha yake yote asitende lolote wala asijiite chochote. Swali la chanzo linahusu mvuto, na ugomvi mwingi huzuka pale mmoja anapozungumzia mvuto huku mwenzake akijibu kuhusu tendo.

Kuhusu maneno: "shoga" lilikuwa, na kwa wanawake wengi bado ni, jina la rafiki wa kike wa kufa na kuzikana. Siku hizi limegeuzwa tusi. Hapa nitasema mtu anayevutiwa na jinsia yake. Ni maneno marefu, lakini hayamtukani mtu.

2. Wanasayansi wanajua chanzo?

Wana vipande kadhaa, ila hawana chanzo kimoja cha kukuonyesha kwa kidole.

Kipande cha kwanza ni mapacha. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard walichunguza wanaume wanaovutiwa na wanaume ambao wana ndugu pacha. Kwa mapacha wa yai moja, asilimia 52 ya ndugu zao nao walikuwa hivyo, na kwa mapacha wasiofanana asilimia 22. Washiriki walipatikana kwa matangazo, jambo linaloweza kukuza takwimu. Tafiti za baadaye zilizotumia madaftari ya mapacha ya nchi nzima, kama ule wa Sweden wa mwaka 2010, zilipata uhusiano mdogo zaidi. Hata hivyo picha ni ile ile: urithi una mchango, na haumalizi habari. Mapacha wa yai moja wana vinasaba karibu sawa kabisa, na bado mara nyingi mmoja huvutiwa na wanaume na mwenzake na wanawake.

Kipande cha pili ni kaka wakubwa. Ray Blanchard na Anthony Bogaert walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kila kaka mkubwa aliyezaliwa na mama yule yule huongeza kwa karibu theluthi moja uwezekano wa mdogo wake wa kiume kuvutiwa na wanaume. Mwaka 2006 Bogaert alipata kwamba kaka wa kulelewa pamoja tu, asiye wa tumbo moja, haongezi kitu. Hapo dalili zinaelekea tumboni mwa mama. Wala usiwahesabu kaka zako kwa wasiwasi: tukianza na watu 2 kwa kila 100, kuongeza theluthi kunatupeleka kwenye 2 na ushei. Walio wengi mno wenye kaka wakubwa huvutiwa na wanawake.

3. Si walishasema hakuna jeni ya ushoga? Basi ni kuiga.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 470,000, uliouliza kama mtu amewahi kufanya tendo la ndoa na mtu wa jinsia yake. Watafiti walipata sehemu tano za vinasaba zenye uhusiano na jambo hilo, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Tofauti zote za kijeni walizopima zikijumlishwa zilieleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti iliyopo baina ya watu. Kwa hiyo huwezi kuchukua damu ya mtoto ukasema atakuwa nani.

Vyombo vya habari vikatangaza kwamba hakuna jeni ya ushoga, na wengi wakasikia kwamba ni tabia ya kuiga. Lakini hakuna pia jeni moja ya urefu. Urefu unatokana na maelfu ya tofauti ndogo za vinasaba pamoja na chakula na afya ya utotoni, na hakuna anayesema mtu mrefu aliiga. Lile lisilo la vinasaba linaweza kuwa homoni za tumboni, kinga ya mwili wa mama au bahati tu ya ukuaji. Asilimia inayobaki si lazima iwe marafiki wabaya.

4. Vipi malezi? Baba hakuwepo, mama alidekeza, mtoto alinajisiwa.

Nadharia ya mama anayemng'ang'ania mtoto na baba aliye mbali ilivuma sana baada ya daktari wa akili Irving Bieber kuchapisha utafiti wake mwaka 1962. Wanaume wote aliowachunguza walikuwa wagonjwa waliokuwa tayari kwenye tiba ya akili. Ukitaka kujua hali ya meno ya watu wote kwa kuhesabu walio kwenye foleni ya daktari wa meno, utaona taifa zima lina meno mabovu.

Ushahidi ulionishangaza zaidi mimi unatoka mahali pa huzuni. Kuna watoto wachache wa kiume ambao, kwa sababu ya kilema cha kuzaliwa au ajali ya upasuaji, walifanyiwa upasuaji wachanga wakalelewa kama wasichana: majina ya kike, nguo za kike, wazazi wakijitahidi kwa nguvu zao zote. Katika visa saba ambavyo mvuto wao wa ukubwani ulijulikana na kuripotiwa, wote saba walivutiwa na wanawake. Kama malezi yangekuwa na nguvu ya kuamua mvuto, hapo ndipo tungeiona.

Kunajisiwa ni jinai dhidi ya mtoto na kunahitaji kushughulikiwa kama jinai. Lakini waathirika wengi hukua wakivutiwa na jinsia tofauti, na watu wengi wanaovutiwa na jinsia yao hawakuguswa na mtu yeyote utotoni.

5. Kwa hiyo mtu hachagui?

Tendo unalichagua. Mvuto hauchagui. Jiulize siku uliyoketi ukapima faida na hasara kisha ukaamua utavutiwa na nani. Huikumbuki kwa sababu haikuwepo.

## Chanzo na mtazamo

6. Ni kweli kwamba wanaoamini mtu huzaliwa hivyo huwa wapole zaidi?

Ndiyo, na uhusiano huu umeonekana katika tafiti nyingi. Mwanasaikolojia Bernard Weiner ameonyesha kwamba tunamlaumu mtu kwa kadiri tunavyoamini jambo lilikuwa mikononi mwake. Aliyeanguka kwa ulevi hukasirikiwa, aliyeanguka kwa kifafa huhurumiwa.

Marekani inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1977 shirika la kura za maoni la Gallup lilipouliza, asilimia 13 tu ndio waliosema mtu huzaliwa hivyo, na 56 wakataja malezi na mazingira. Kufikia 2015 waliosema mtu huzaliwa hivyo walikuwa asilimia 51. Katika kipindi hicho uungaji mkono wa ndoa za jinsia moja nao ulipanda, kutoka asilimia 27 mwaka 1996 hadi 60 mwaka 2015. Ni rahisi kuangalia mistari hiyo miwili na kusema wa kwanza ndio ulioubeba wa pili.

7. Basi dawa ni kuwathibitishia watu kwamba ni suala la kuzaliwa?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wenye nia njema. Nimefikia kuamini kwamba mara nyingi mtu huamua kwanza anavyowaona watu hawa, kisha anatafuta chanzo kinachomfaa. Anayewapenda hushika habari ya vinasaba. Asiyewapenda hushika habari ya kuiga. Ukimpa wa pili utafiti mpya, atatafuta tundu ndani yake au atauita ugonjwa wa kuzaliwa. Peter Hegarty, aliyechunguza jambo hili Uingereza na Marekani, aligundua kwamba imani ya kuzaliwa iliandamana na uvumilivu kwa wale tu waliokwisha kuichukulia imani hiyo kuwa ni kauli ya uvumilivu.

Hata zile takwimu za Gallup zinasema hivyo ukizisoma mbele kidogo. Mwaka 2018 waliosema mtu huzaliwa hivyo walikuwa bado nusu tu, hawakuongezeka. Uungaji mkono wa ndoa uliendelea kupanda bila kuwangoja, ukafika asilimia 70 mwaka 2021.

Mfano usiosahaulika ni Uganda. Bunge lilipitisha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Desemba 2013. Rais Museveni akasema anataka kwanza kujua kama watu huzaliwa hivyo, na kamati ya wanasayansi ikaundwa. Kamati iliripoti kwamba hakuna jeni moja inayosababisha hali hiyo. Iliripoti pia kwamba hali hiyo si ugonjwa. Sentensi mbili, ripoti moja. Ya kwanza ilichukuliwa kama ruhusa, ya pili ikaachwa kwenye karatasi. Tarehe 24 Februari 2014 rais alitia saini. Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria hiyo Agosti mwaka huo, haikuwa kwa sababu ya sayansi hata kidogo: akidi ya wabunge haikutimia siku ya kupitisha. Na mwaka 2023 sheria nyingine, kali zaidi, ikatiwa saini.

Ningependa kuamini kwamba ripoti yenye jeni moja iliyo wazi ingeizuia ile saini. Siamini.

8. Kuna jambo lolote ambalo chanzo chake kinajulikana kabisa, tulitazame kama kipimo?

Yapo, na ndiyo yanayonivunja moyo. Chanzo cha ualbino kinajulikana: mtoto amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni inayozuia mwili kutengeneza rangi ya kutosha. Hakuna fumbo. Hakuna pia anayedai kwamba mtu mwenye ualbino alichagua au aliiga. Na bado watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo, wamefichwa ndani na ndugu zao. Rangi ya ngozi nayo kila mtu anajua ni ya kuzaliwa, na hilo ndilo lililotumiwa kuhalalisha utumwa na ubaguzi: "wamezaliwa hivyo" ilikuwa hoja ya mbaguzi mwenyewe.

Sasa geuza. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, mimi nikiwa mmojawapo. Chanzo chake hadi leo hakijapatikana kwa ukamilifu. Jeni zina mchango, hazimalizi, mapacha wa yai moja hutofautiana. Ni habari karibu sawa na ile ya swali la 2. Darasa la pili mwalimu wangu alinichapa vifundo vya vidole kwa ukingo wa rula kila alipoikuta kalamu kushoto. Nilijifunza kuandika kwa kulia akiwa karibu, akigeuka narudisha kushoto, na ubavu wa kiganja ukinisaliti kwa sababu ulikuwa umefutia wino mbichi. Leo mwanangu anaandika kushoto darasani na hakuna anayemtazama mara mbili. Katikati ya rula ile na daftari hili hakuna maabara iliyotangaza chanzo. Watu waliacha tu kuona kwamba kuna kosa.

9. Lakini kupunguza lawama si jambo dogo, au siyo?

Si dogo, nakubali. Mzazi anayejilaumu hulala usingizi, na kijana anayedhani amejitakia huacha kujichukia. Mwaka 2013 Erlend Kvaale na wenzake walijumlisha tafiti za magonjwa ya akili, wakakuta kwamba kueleza ugonjwa kwa vinasaba na ubongo hupunguza lawama. Papo hapo, maelezo hayo huongeza imani kwamba mgonjwa hatapona. Lawama inashuka, umbali unabaki.

Jambo la karibu na hilo limeonekana kwenye suala letu. Mwaka 2016 Patrick Grzanka na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa chuo, wakakuta kwamba imani ya kuzaliwa haikutenganisha wenye chuki na wasio nayo. Kilichowatenganisha ni kama mtu anawaona wenye mvuto huo kuwa kundi la watu wa aina yao, wote wanafanana, ukimjua mmoja umewajua wote. Unaweza kuamini mtu amezaliwa hivyo na bado ukamwona kiumbe wa namna nyingine.

## Sheria na dini

10. Mahakama huangalia chanzo?

Baadhi huangalia, na matokeo yake yanafundisha. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Miongoni mwa waliyosema majaji ni kwamba hakuna uthibitisho kamili wa kisayansi kuwa watu huzaliwa hivyo. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 11 Juni 2019, Mahakama Kuu ya Botswana ilifuta vifungu vya namna hiyo hiyo, urithi wa ukoloni ule ule wa Waingereza. Jaji Michael Leburu aliandika kwamba mwelekeo wa mtu si mtindo wa mavazi, ni sehemu muhimu ya utu wake. Rufaa ya serikali ilikataliwa Novemba 2021.

Sayansi haikubadilika katika siku kumi na nane. Majaji wa pande zote walikuwa na maktaba zile zile. Kilichotofautiana ni swali walilojiuliza kwanza: je, mtu huyu anaweza kuthibitisha chanzo chake, au je, dola ina sababu gani ya kuingia chumbani kwake?

11. Ikithibitika kisayansi, dini zitabadili msimamo?

Sioni kwa nini tutegemee hivyo, na ninalisema kwa heshima kwa waumini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema waziwazi kwamba asili ya kisaikolojia ya hali hii bado haijaelezeka kwa sehemu kubwa, inataka watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, na inaendelea kukataza tendo. Katika Uislamu pia wanazuoni wengi hutofautisha hisia inayomjia mtu na tendo analolikusudia. Mafundisho haya hayakujengwa juu ya chanzo, kwa hiyo chanzo kikijulikana hayataanguka. Kiongozi wa dini anayefikiri upya mara nyingi hufanya hivyo akiwa amekaa na muumini wake ana kwa ana, na hapo tunaingia swali la 18.

12. Na ikithibitika kwamba ni uchaguzi, haki zao zinaondoka?

Dini ni uchaguzi. Mtu huingia, hutoka, huhama. Na bado ibara ya 18 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inalinda haki ya kubadili dini, kwa maneno yale yale kubadili. Hatumdai Mkristo wala Mwislamu vipimo vya vinasaba kabla ya kumwachia afanye ibada. Kama tunaweza kulinda jambo ambalo mtu amelichagua kwa sababu liko karibu na moyo wake, hoja ya kuzaliwa haihitajiki hapa pia.

## Hatari, na maswali yanayobana

13. Chanzo kikijulikana, kinaweza kuwadhuru?

Kimeshawadhuru, tena kabla hata ya kujulikana. Mjadala huu una zaidi ya miaka 150. Mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs alianza mwaka 1864 kuchapisha vijitabu akisema yeye na wenzake wameumbwa hivyo, na mwaka 1867 alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kudai sheria ifutwe. Walimzomea hadi akashuka. Karl Maria Kertbeny, aliyebuni neno la Kijerumani ambalo lugha nyingi hulitumia leo kwa hali hii, alimwonya kwamba hoja ya kuzaliwa ni kisu chenye makali kuwili. Wapo wanaozaliwa na hulka za hatari na dola haiwaachii, alisema. Bora kudai kwamba dola haina kazi katika mambo ya faragha ya watu wazima.

Daktari Mjerumani Magnus Hirschfeld alishika njia ya Ulrichs. Kamati aliyoianzisha mwaka 1897 ilikuwa na kaulimbiu ya kufikia haki kupitia sayansi, na mwaka 1919 alifungua taasisi yake Berlin. Tarehe 6 Mei 1933 taasisi ikavamiwa, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani. Wanazi hawakukosa imani katika biolojia. Walikuwa nayo nyingi. Mwaka 1944, katika kambi ya Buchenwald, daktari Carl Værnet aliwapasua wafungwa na kuwapandikiza homoni ili "kuwaponya". Uingereza nayo, mwaka 1952, ilimpa mwanahisabati Alan Turing homoni za kike badala ya kifungo. Alifariki 1954. Ndiyo maana neno "chanzo" linapotajwa, watu wengi wanaohusika husikia nyuma yake neno "tiba".

Hofu ya sasa ni kwamba wazazi watapima mimba na kuchagua ipi waiache. Kwa ujuzi uliopo haiwezekani, kwa sababu zilizo katika swali la 3. Atakayekuambia anauza kipimo cha namna hiyo anakutapeli.

14. Hizo tiba za kubadili mvuto zinafanya kazi?

Hapana. Mwaka 2009 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti zilizopo, halikupata ushahidi wa kutosha kwamba mvuto unabadilishwa, likaonya kuhusu madhara. Robert Spitzer, daktari wa akili ambaye utafiti wake ulikuwa tegemeo la watetezi wa tiba hizo, aliukana na kuomba radhi mwaka 2012. Mwaka uliofuata Exodus International, mtandao wa huduma za Kikristo uliokuwepo tangu 1976, ulifungwa na kiongozi wake akaomba radhi kwa waliojeruhiwa.

15. Kama kuzaliwa hivyo ni utetezi, anayevutiwa na watoto naye tumwache?

La hasha, na swali hili ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote kwa nini chanzo ni msingi mbovu. Hata tungethibitisha kesho kwamba mvuto wa mtu kwa watoto ni wa kuzaliwa, kumgusa mtoto kungebaki jinai, kwa sababu mtoto hawezi kuridhia na anaumizwa. Watu wazima wawili walioridhiana hawana mwathirika kati yao. Kipimo ni ridhaa na madhara. Wanaoulizia chanzo ili kuamua uhalali wanatumia mizani ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

16. Mbona kuna watu ambao mvuto wao umebadilika wenyewe?

Wapo. Lisa Diamond alifuatilia wanawake 79 kwa miaka kumi, na karibu theluthi mbili walibadili angalau mara moja jina wanalojiita. Kubadilika kwenyewe na kubadilishwa na mtu mwingine ni mambo mawili tofauti. Tazama swali la 14. Kuna pia wengi wanaovutiwa na jinsia zote mbili, na hoja ya kuzaliwa huwaacha nje kwa sababu wao wanaambiwa, "Si ungechagua upande wa pili?" Diamond mwenyewe, pamoja na mwanasheria Clifford Rosky, aliandika mwaka 2016 kwamba harakati za haki ziache kuegemea hoja ya kutobadilika. Nakubaliana nao.

17. Watafiti waache basi kutafuta?

Sidhani. Kujua jinsi mvuto wa binadamu unavyoumbika, wa kila aina, ni elimu nzuri. Ila waseme mapema kwamba majibu yao hayataamua nani anastahili kuishi kwa amani.

18. Kama si chanzo, ni nini hubadili mtazamo?

Kumjua mtu. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walijumlisha tafiti 515 kuhusu watu wa makundi tofauti wanapokutana. Kwa jumla kukutana hupunguza chuki, na miongoni mwa makundi waliyoyaangalia, athari kubwa zaidi ilikuwa kwa watu wanaovutiwa na jinsia yao. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha jaribio la Miami kuhusu watu waliobadili jinsia: mazungumzo ya dakika kama kumi mlangoni, ambayo mwenye nyumba aliombwa kukumbuka siku yeye mwenyewe aliyohukumiwa kwa kuwa tofauti, yalipunguza ubaguzi, na athari ilikuwepo bado miezi mitatu baadaye. Hakuna aliyefundishwa vinasaba pale mlangoni.

Lakini kuna fundo. Ili watu wakujue lazima ujitokeze, na palipo na chuki kujitokeza kunaweza kukugharimu kazi, nyumba au uhai. Ndiyo maana mtazamo hukawia zaidi pale unapohitajika zaidi, na simlaumu hata mmoja anayenyamaza. Mzigo wa kuanza mazungumzo uwe wetu sisi ambao hatuna cha kupoteza.

19. Mwanangu ameniambia yuko hivyo. Nilikosea wapi?

Mama mmoja ninayemfahamu alinijia na daftari. Alikuwa ameandika orodha, kwa mwandiko wake mdogo uliolala: nilimwachisha ziwa mapema, baba yake alikuwa safarini, nilimpeleka bweni, alicheza na binamu zake wa kike. Mambo kumi na moja. Tuliyapitia moja moja, na kila moja nilimwuliza kama yule binti yake mkubwa na yule mdogo wa mwisho hawakupitia hilo hilo. Tisa walipitia wote watatu. Mawili yaliyobaki hayana ushahidi wowote, kama nilivyoeleza katika swali la 4.

Hukukosea. Na ikiwa jibu hilo halikutoshi leo, basi liweke swali la chanzo kando kwa muda, maana lina subira kuliko mwanao. Angalia kama anakula na kama analala. Usimtangazie ndugu kabla ya yeye mwenyewe kuridhia. Usikubali mtu yeyote amchukue kwenda "kuombewa" kwa kufungiwa au kuchapwa.

Yule mama alifunga daftari akarudi nyumbani. Jioni alimwuliza kijana swali ambalo halikuwemo kwenye orodha: umekaa na jambo hili peke yako kwa muda gani? Akamjibu, tangu darasa la sita. Walikaa jikoni hadi chai ikapoa, na mama akaenda kuipasha upya.